Amri Iliyoishia Kwenye Jalada: Virginia, Desemba 2005

Jumatano ya tarehe 14 Desemba 2005, katika hospitali ya magonjwa ya akili isiyo mbali na mji wa Blacksburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, jaji maalumu alisikiliza shauri la mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Virginia Tech. Shauri halikuchukua muda mrefu. Kwenye fomu ya amri jaji alitia alama mahali panaposema kuwa mhusika, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ni hatari ya karibu kwa nafsi yake. Hakuagiza alazwe. Aliagiza apate matibabu ya nje na afuate tiba yote atakayopendekezewa. Mwanafunzi akaruhusiwa siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi huyo alikuwa Seung-Hui Cho. Tarehe 9 Februari 2007 alichukua bastola ya kwanza, Walther P22, kwenye duka la Blacksburg baada ya kuiagiza kwa intaneti. Tarehe 13 Machi alinunua ya pili, Glock 19, mjini Roanoke. Mara zote mbili muuzaji alifanya ukaguzi kama sheria inavyotaka, na mara zote mbili jibu likaja kwamba hakuna kizuizi. Tarehe 16 Aprili 2007 aliua watu 32 chuoni, kisha akajiua.

Tunachochambua hapa ni kipande kimoja tu cha mkasa huo: njia ambayo karatasi ya mahakama ilipaswa kupita kutoka mezani kwa jaji hadi kwenye kompyuta inayoulizwa na muuza bunduki. Hoja yetu ni kwamba ukaguzi haukukosea. Uliulizwa, ukatafuta, ukajibu kwa kile ulichokuwa nacho. Kilichokosekana kilikuwa mahakamani, na kilikosekana kwa sababu ya neno moja katika sheria ya jimbo.

Namna ukaguzi unavyofanya kazi

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam amezoea utaratibu wa kibali, ambapo mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kuwa anafaa kumiliki silaha. Marekani, kwa ununuzi wa kawaida dukani, mzigo uko upande wa pili. Mtu mzima anahesabiwa kuwa na haki ya kununua mpaka ipatikane kumbukumbu inayomzuia. Kumbukumbu isipopatikana, anauziwa. Kwa hiyo uzima wa mfumo wote unategemea nani alipeleka nini, lini.

Mnunuzi hujaza fomu ya serikali kuu iitwayo 4473. Muuzaji mwenye leseni huuliza mfumo wa taifa wa kukagua wanunuzi wa silaha, NICS, unaoendeshwa na FBI tangu tarehe 30 Novemba 1998 kwa mujibu wa Sheria ya Brady ya mwaka 1993. Katika baadhi ya majimbo, Virginia likiwemo, muuzaji haulizi FBI moja kwa moja. Anauliza polisi wa jimbo, nao hutafuta katika kumbukumbu zao na katika mfumo wa taifa kwa pamoja. Alama za vidole hazichukuliwi. Utafutaji unakwenda kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na maelezo mengine machache ya utambulisho.

NICS hutazama sehemu tatu. Ya kwanza ni orodha ya wanaotafutwa na wenye amri za zuio. Ya pili ni historia za makosa ya jinai. Ya tatu ni orodha ya NICS yenyewe, na kwa kisa hiki hii ndiyo muhimu. Jina likigonga historia ya jinai, mara nyingi mkaguzi analazimika kuanza kupiga simu: huyu alikamatwa, lakini je, alitiwa hatiani? Kwa kosa la uzito gani? Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, kwa kawaida sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2015 kwa kijana aliyeua watu tisa kanisani Charleston, South Carolina: kumbukumbu ya kukamatwa kwake ilielekeza wakaguzi kwenye ofisi isiyo yenyewe, siku tatu zikaisha. Orodha ya NICS haina tatizo hilo. Mtu anawekwa humo baada ya taasisi iliyomleta kuthibitisha kuwa sheria inamzuia. Jina na utambulisho vikilingana, jibu ni kukataliwa papo hapo, bila kungoja simu ya mtu.

Amri ya Desemba 2005 ilistahili kuwa katika orodha hiyo. Haikuwemo.

Maswali mawili yaliyochukuliwa kuwa moja

Sheria ya serikali kuu, tangu Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, inamzuia mtu wa aina mbili kwa upande wa afya ya akili: aliyeamuliwa na mamlaka halali kuwa na upungufu wa akili (maneno ya sheria ni ya kizamani na makali, nasi hatuyapendi), na aliyepelekwa kwa lazima katika taasisi ya akili. Kanuni inafafanua aina ya kwanza kwa upana. Inatosha mahakama, bodi, tume au mamlaka nyingine halali iamue kwamba mtu, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, au hana uwezo wa kusimamia mambo yake mwenyewe. Kanuni haiulizi alilala wapi usiku ule.

Sheria ya Virginia wakati huo ilimwagiza karani wa mahakama kupeleka polisi wa jimbo, kwenye hifadhi kuu ya kumbukumbu za jinai, amri za watu walioingizwa hospitalini bila ridhaa. Neno lilikuwa kuingizwa. Makarani walilisoma kama lilivyoandikwa: amri ya kulazwa inapelekwa, amri ya matibabu ya nje inabaki kwenye jalada. Hakuna karani aliyekiuka sheria ya jimbo lake. Alama aliyotia jaji, "hatari ya karibu kwa nafsi yake," ilikuwa nzito kuliko kile kanuni ya serikali kuu inachodai, maana kanuni haidai hata ukaribu. Lakini karani hakutazama alama hiyo. Alitazama sehemu ya chini ya fomu, panapoandikwa mgonjwa anapelekwa wapi.

Makosa ya namna hii ndiyo magumu kuyaona kutoka ndani ya ofisi. Mtu anapotimiza sharti la jimbo barabara, haoni sababu ya kufungua kanuni ya serikali kuu kuangalia kama kuna mlango mwingine. Tena Virginia halikuwa jimbo zembe. Wakati wa mauaji hayo, ni majimbo 22 tu yaliyokuwa yakipeleka kumbukumbu zozote za afya ya akili kwenye NICS, na Virginia lilikuwa mstari wa mbele miongoni mwao. Pengo lilitokea mahali palipokuwa pakifanya kazi hii vizuri kuliko pengi.

Yaliyotokea kabla ya amri

Jioni ya tarehe 13 Desemba polisi wa chuo walimchukua Cho baada ya kuarifiwa kwamba alikuwa amezungumzia kujiua. Mchunguzi wa awali kutoka bodi ya huduma za jamii, yaani taasisi ya umma ya afya ya akili ya eneo hilo, alimwona, akaandika kuwa ni mgonjwa wa akili, ni hatari ya karibu, na hayuko tayari kutibiwa kwa hiari. Hakimu akatoa amri ya kumzuia kwa muda. Asubuhi iliyofuata mtathmini huru alimwona kwa muda mfupi, akakubali kwamba ni mgonjwa lakini akasema si hatari ya karibu wala hahitaji kulazwa kwa lazima. Kwenye shauri, wala mchunguzi wa awali wala mtathmini hakuwepo.

Hapa kuna jambo linalokosewa sana, hata na watu wanaoandika kuhusu sheria hizi. Kuzuiliwa kwa muda ili mtu achunguzwe hakumfungii kununua silaha kwa sheria ya serikali kuu. Kulazwa kwa hiari hakumfungii. Maoni ya daktari, hata yawe makali vipi, hayamfungii. Kinachomfungia ni uamuzi wa chombo chenye mamlaka baada ya utaratibu wa haki. Usiku wa tarehe 13 haukuwa kitu cha kuripoti. Alama ya jaji ya tarehe 14 ilikuwa.

Amri ya matibabu ya nje nayo haikuwa na mtu wa kuisimamia. Siku hiyo hiyo Cho alifika kwenye kituo cha ushauri cha chuo kwa miadi moja, na huduma ikaishia hapo. Sheria haikusema wazi nani apokee nakala ya amri, nani ahesabu miadi, nani arudi kwa jaji kusema mgonjwa hakuja. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Gavana Tim Kaine, chini ya Gerald Massengill, mkuu mstaafu wa polisi wa jimbo, ilieleza haya yote katika ripoti yake ya Agosti 2007. Kwa hiyo karatasi ile ile ilikwama pande mbili: haikwenda kwa polisi, wala haikwenda kwa waganga.

Marekebisho

Gavana hakungoja bunge, wala ripoti ya tume. Tarehe 30 Aprili 2007, wiki mbili baada ya mauaji, alitoa amri ya utendaji namba 50, iliyoelekeza kwamba mtu aliyeamriwa matibabu bila ridhaa kwa sababu ya kuwa hatari, awe wa kulazwa au wa nje, aingizwe kwenye kumbukumbu za kumzuia kununua silaha. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka jambo hilo katika sheria, likagusa na kipimo chenyewe cha kumweka mtu chini ya matibabu ya lazima: badala ya "hatari ya karibu" kikawa uwezekano mkubwa wa madhara katika siku za usoni zilizo karibu.

Sheria ya Virginia kama ilivyo baada ya marekebisho ina mambo matatu ambayo mtu yeyote anayeandika kanuni za mahakama angefaa kuyasoma kwa makini.

Kwanza, saa inahesabiwa. Jaji anapaswa kuwasilisha amri kwa karani mapema iwezekanavyo, na isipite mwisho wa siku ya kazi inayofuata shauri. Karani naye ana muda kama huo kuithibitisha na kuipeleka polisi. Tuiweke kando ya kisa chetu: shauri Jumatano tarehe 14 Desemba, amri kwa karani ifikapo Alhamisi jioni, polisi wa jimbo wanayo ifikapo Ijumaa tarehe 16. Bastola ya kwanza ilichukuliwa tarehe 9 Februari 2007, siku 420 baadaye. Muda haukuwa tatizo hata kidogo. Kama karatasi ingetumwa kwa posta ya kawaida, au karani angekuwa likizo mwezi mzima, bado ingefika.

Pili, mlango wa hiari umefungwa nusu. Mara nyingi mtu aliyezuiliwa kwa muda, akiwa na wakili wake, hukubali kulazwa kwa hiari ili amri isitolewe. Ni chaguo la halali, na kwa mgonjwa mara nyingi ndilo jema. Ila kwa sheria ya serikali kuu peke yake, chaguo hilo halimzuii kununua silaha wiki inayofuata. Virginia liliamua kwamba jaji amwambie mtu huyo kabla hajakubali kwamba atapoteza haki ya kununua na kumiliki silaha. Akikubali baada ya kuambiwa, karani anapeleka hati ya makubaliano hayo kama anavyopeleka amri. Kuonya kwanza ndiko kunakoipa hati hiyo uhalali. Jaji akisahau kuonya, au akionya bila kuandika kwamba ameonya, hati ina ufa ambao wakili mzuri atauona.

Tatu, kumbukumbu za matibabu haziendi popote. Sheria inakataza wazi kuambatanisha maelezo ya daktari. Linakwenda jina, linakwenda kizuizi, basi.

Serikali kuu ilifuata kwa sheria ya kuboresha NICS, iliyosainiwa tarehe 8 Januari 2008 na Rais George W. Bush. Haikuyalazimisha majimbo kuripoti, kwa sababu haiwezi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha amua mwaka 1997, katika shauri la Printz, kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kuwatuma maafisa wa majimbo kufanya kazi ya ukaguzi wa silaha. Kilichobaki ni pesa: ruzuku kwa jimbo linalopeleka kumbukumbu, na makato kwa lisilopeleka. Ruzuku hiyo ikafungwa na sharti jingine, kwamba jimbo liwe na utaratibu wa mtu aliyezuiwa kwa sababu ya afya ya akili kuomba arudishiwe haki yake.

Matokeo yalikuwa makubwa lakini hayakuenea sawasawa. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikuta mwaka 2012 kwamba kumbukumbu za afya ya akili katika NICS zilipanda kutoka takriban 126,000 Oktoba 2004 hadi takriban milioni 1.2 Oktoba 2011. Ongezeko hilo lilitoka hasa kwenye majimbo 12. Karibu nusu ya majimbo yote yaliongeza chini ya kumbukumbu 100 kwa miaka hiyo saba.

Meza ya karani

Karani anayeshika amri ya namna hii aanze na kilichoamuliwa, kabla ya kuangalia mtu alipelekwa wapi. Je, kuna tamko kwamba mhusika ni hatari kwa sababu ya ugonjwa wa akili? Je, kuna tamko kwamba hawezi kusimamia mambo yake? Swali la pili linagusa mashauri ambayo wengi hawayafikirii kabisa, hasa ya uangalizi, ambapo mahakama humteulia mtu mzima msimamizi. Linagusa pia mshtakiwa aliyeonekana hana uwezo wa kujibu mashtaka, na aliyeachiwa kwa sababu ya wazimu wakati wa kosa. Mashauri haya huketi kwenye masjala tofauti, mara nyingine kwenye jengo jingine, na karani wa mirathi na uangalizi huenda hajawahi kusikia habari za NICS.

Kisha vipengele. Orodha ya NICS inataka jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa au namba ya utambulisho, namba ya taasisi inayoleta, namba ya jalada, na msimbo unaoonyesha ni kifungu kipi kinamzuia mtu. Namba ya jalada inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomwezesha mtu kupata karatasi halisi miaka kumi baadaye. Msimbo ukikosewa, mtu anaweza kukataliwa kwa sababu isiyo yake, akakata rufaa, akashinda kwa kosa la karani huku sababu ya kweli ikibaki kwenye jalada.

Jina ndilo linaloleta tabu kuliko vyote, kwa kuwa utafutaji unategemea jina. Vyombo vya habari mwaka 2007 vilianza kumwandika mtu huyu kwa kutanguliza jina la ukoo kama Kikorea kinavyofanya, kisha vikageuza. Sisi wenye majina matatu, la mtu, la baba na la babu, tunajua jambo hili linavyokwenda Marekani: hati moja inasema Juma Hamisi Salehe, nyingine Salehe Juma H., ya tatu imeliacha la katikati. Karani asinakili tu jina lililotamkwa kwenye shauri. Alilinganishe na kitambulisho cha serikali, na aandike majina mengine yote anayojulikana nayo mhusika. Cho alikuwa mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani, na mkazi wa kudumu hununua silaha kwa ukaguzi ule ule wa raia. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa ana jambo la kumtoa katika zuio hilo, kama leseni ya uwindaji.

Faragha ilikuwa kisingizio cha muda mrefu. Hospitali ziliogopa sheria ya siri za wagonjwa, na baadhi ya mahakama nazo zikajificha nyuma yake. Kanuni iliyoanza kutumika Februari 2016 iliondoa shaka kwa taasisi za afya zinazotoa amri hizi au kuhifadhi kumbukumbu zake kwa ajili ya NICS: zinaruhusiwa kutoa utambulisho wa mtu na ukweli kwamba amezuiwa, bila utambuzi wa ugonjwa wala maelezo ya tiba.

Kuondoa jina ni wajibu ule ule wa kuliingiza. Amri ikibatilishwa kwenye rufaa, au mtu akirudishiwa haki na mahakama, taarifa iende kwa haraka ile ile. Mtu aliyepona, akafuata taratibu zote, akapewa hati ya mahakama, kisha akakataliwa dukani mbele ya watu kwa sababu karani hakutuma mstari mmoja, amedhulumiwa. Wengine wakimwona, watakwepa hata kwenda kutibiwa.

Mwisho ni hesabu. Kila mwezi, idadi ya amri zilizotolewa ilinganishwe na idadi ya uthibitisho uliorudi kutoka kwa polisi wa jimbo, kwa namba za majalada, moja baada ya moja. Bila ulinganisho huo hakuna anayejua kilichopotea. Jeshi la Anga la Marekani lilimtia hatiani askari mmoja mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kwamba jeshi hilo lilikuwa na nafasi nne za kupeleka FBI alama zake za vidole na mbili za kupeleka matokeo ya mwisho ya shauri, na zote sita zilipita. Alinunua bunduki madukani, na tarehe 5 Novemba 2017 akaua watu 26 kanisani Sutherland Springs, Texas. Machi 2018 bunge lilipitisha sheria inayozitaka idara za serikali kuu kuwa na mipango ya utekelezaji na kuthibitisha kila nusu mwaka kwamba zinapeleka kumbukumbu zake.